Watu wa Gia Moja

Kwako Kaka mpendwa,

Naanza na salamu kabla ya habari, kwa sababu habari nilizonazo ni ndefu, na nikianza nazo nitasahau hata kukuuliza hali. Je, hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi yangu anaendeleaje, na mtoto wenu bado anauma watu kwa hayo meno yake mapya? Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti akipanda ngazi, lakini mdomo wake haujapungua nguvu. Juzi amebishana na fundi bomba mpaka fundi wa watu akaondoka akasahau spana zake. Baba naye ndiye yule yule. Anakula, analala, anatembea na fimbo yake mpaka getini na kurudi. Tangu kiharusi kimshike ulimi, na huu ni mwaka wa sita, maneno yake yamebaki yale yale ya ndiyo, hapana na chai, nasi tumeshazoea kumsoma usoni. Hivyo ndivyo ningekuandikia mwezi uliopita, na ningeamini nimekuandikia kweli.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza, nusu mzaha, kama ni kweli ninalipwa mshahara kwa kuuza hewa mtandaoni. Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana usipoielewa hutaelewa kilichotupata. Kampuni yetu ina tovuti ya mazoezi ya kuzungumza. Mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyeumia kichwa ajalini na ulimi ukawa mzito, anaingia mle na kukuta masomo ya video yaliyotengenezwa na wataalamu: namna ya kuweka midomo, namna ya kuvuta pumzi, kutoka sauti moja mpaka neno, kutoka neno mpaka sentensi. Analipa ada kila mwezi kama anavyolipia maji. Asipolipa, bomba linafungwa. Ndiyo biashara yote.

Tabu iko kwenye kuwapata watu hao, kwa sababu hawasimami barabarani wakapunga mkono. Kwa hiyo kampuni inatumia mawakala. Wakala anaweza kuwa mtu yeyote mwenye watu wanaomsikiliza mtandaoni. Anapewa kiungo chake, yaani anwani ya tovuti yetu yenye alama yake, na kila anayepitia hapo akalipa huhesabiwa kuwa mtu wake. Kisha wakala anachagua alipwe vipi. Akitaka, anapewa donge nono mara moja, siku mtu anapoingia, na baada ya hapo hatudaiani. Au analiacha donge, achukue thelathini katika kila mia ya ada ya mtu huyo, mwezi baada ya mwezi, kwa muda wote mtu atakaobaki. Mtu akiondoka, kamisheni nayo inaondoka.

Kazi yangu ni kukagua malipo ya mawakala kabla hayajatoka. Mfumo unaficha majina na namba zao za simu, unatuonyesha lakabu tu, ili sisi wakaguzi tusimpendelee wala tusimwonee mtu. Na lakabu zenyewe ungezicheka. Kuna anayejiita Simba wa Mauzo. Kuna Pesa Chapu, huyu alitangaza kwamba masomo yetu yanafungua ulimi ndani ya wiki moja. Watu wakamiminika, yeye akavuta madonge yake, na mwezi wa pili watu wote wakawa wamekwenda zao kwa hasira, kwa sababu ulimi haufunguki ndani ya wiki moja. Donge la mtu mmoja ni sawa na ada yake ya miezi mitano. Mtu amekaa mwezi mmoja. Piga hesabu mwenyewe nani alilia.

Aliyelia ni mkubwa wangu wa kazi. Ofisi nzima tunamwita Mama Asilimia, kwa sababu hata ukimuuliza ameamkaje atakujibu asilimia themanini. Siku moja aliniita nisimame nyuma ya kiti chake nitazame kioo cha kompyuta. Alikuwa amechora mistari, kila wakala na mstari wake, kuonyesha watu aliowaleta wanavyobaki au wanavyotoweka. Mstari wa Pesa Chapu ulianguka kama mtu aliyekosea ngazi. Mingine iliteremka polepole, lakini yote iliteremka. Isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa umelala sawa kama uso wa meza, miezi na miezi, mpaka mwisho wa kioo. Wakala wake alijiita Gia Moja.

Mama Asilimia alivua miwani. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, “Watu hawafanyi hivi. Watu huondoka. Hata kwenye vitu wanavyovipenda, huondoka.”

Nilirudi mezani kwangu nikaufungua ukurasa ambao Gia Moja huwapokelea watu. Kaka, nilitegemea kukuta maneno matamu. Nilikuta maandishi machache, bila picha. Yalisema kwamba masomo haya ni ya polepole, kwamba kuna siku neno ulilolipata jana litakukimbia leo, na kwamba anayetaka haraka asijiunge, atunze pesa yake. Basi. Wengi waliofika pale waligeuka wakaondoka bila kulipa, mfumo unaonyesha. Lakini yule mmoja aliyesoma yote hayo na bado akaingia, alikuwa ameshaamua. Wakala anayekula donge hana sababu ya kumwambia mtu ukweli, maana yeye analipwa mlangoni. Huyu analipwa kwa kukaa kwa mtu, na alikuwa anawachuja watu kabla hawajavuka kizingiti. Nilikaa nikiutazama ukurasa ule kwa heshima ambayo sikuwahi kuipa kazi ya tangazo.

Wiki haikuisha kabla fundi wetu wa kompyuta hajaja na habari mbaya. Huyu ni mwanamume mpole anayetafuna karanga tangu asubuhi mpaka jioni, na siku hiyo hakuwa anatafuna. Alikuwa amegundua kwamba karibu theluthi ya watu wa Gia Moja walikuwa wanalipiwa ada na laini moja ya simu, na laini hiyo ndiyo ile ile inayopokea kamisheni ya Gia Moja. Katika kazi yetu hiyo ni harufu mbaya. Kanuni inakataza wakala kumlipia mtu wake, kwa sababu walaghai hutunga watu hewa, wakawalipia mwezi wa kwanza, wakavuna donge.

Lakini kulikuwa na kitu hakikukaa sawa kichwani mwangu, nikakisema. Kwa njia ya donge, ulaghai huo una faida: unatoa ada moja, unapokea tano. Huyu alichagua njia ya gawio, ile ya thelathini katika kila mia. Anatoa mia ili apate thelathini. Nani anaiba kwa hasara?

“Ndiyo maana naogopa,” alisema Mama Asilimia. “Mwizi anayekubali hasara ana jambo ambalo sisi bado hatujaliona.” Akaagiza malipo ya Gia Moja yazuiwe, na laini ile ikataliwe kulipa ada. Mimi nikapewa kazi ya kuwapigia simu wale waliokuwa wakilipiwa, kujua kama wapo duniani au ni majina matupu. Gia Moja mwenyewe asiguswe wala asiambiwe mpaka uchunguzi ukamilike.

Wa kwanza kupokea alikuwa mwanamke. Nilijitambulisha, nikasikia kimya kirefu, nikadhani simu imekatika. Nikaanza kumsaidia, kama nijuavyo mimi kusaidia: je, wewe ni mteja wetu, je, umejiunga lini. Akaniambia, “Ngoja.” Neno hilo moja, lililotoka kama mtu anayesukuma kabati. Kisha, “Nitafika.” Nikangoja. Na kweli akafika. Alinieleza, sentensi moja kwa muda ambao mimi ningeongea kumi, kwamba yeye ni fundi cherehani, alianguka akaumia kichwa, wateja wakamkimbia kwa sababu hakuweza kuwaambia bei. Ada ilimshinda mwezi wa tatu. Alipotaka kujitoa akakuta imeshalipwa, na ikaendelea kulipwa. Gia Moja alimwambia tu kwamba kuna wenzake wanambeba, na siku akiweza kusimama naye atabeba. Nilimuuliza kwa nini hakuondoka alipoona ana deni la watu. Akasema hapana, anabaki kwa sababu ya mkutano.

Mkutano gani? Akanieleza. Kila asubuhi, saa nne, siku za kazi, watu wa Gia Moja hukutana kwa sauti kwenye simu. Wanaofanya mazoezi hufanya, wenye habari husema habari. Kuna sheria moja tu: hakuna kummalizia mwenzako neno.

Nilipiga na kwa mtu anayejilipia mwenyewe, karani mstaafu wa mahakama, nilinganishe. Huyo anazungumza karibu vizuri sasa. Nilimuuliza kwa nini bado analipa wakati masomo ameshayamaliza yote. Alicheka taratibu. Alisema masomo aliyamaliza zamani, lakini kule kwenye mkutano ndiko mahali pekee ambapo watu hawatazami saa akiwa anaongea, na kwa ada ile anaona amepunguziwa bei.

Baada ya simu hiyo nilichukua kikokotoo. Nataka nikuonyeshe nilichokiona, kwa sababu mwili ulinisisimka, nami si mtu wa kusisimkwa na hesabu. Chukua watu kumi wanaojilipia. Kamisheni yao ni ada tatu. Kwa ada hizo tatu Gia Moja anawalipia watatu wasioweza. Lakini hao watatu nao wameingia kwa kiungo chake, kwa hiyo ada zao nazo zinamletea kamisheni, karibu ada moja nzima. Akiiweka kidogo, anambeba wa nne. Na wa nne naye anaacha chenji. Kumi wanabeba wanne. Na wale kumi hawaondoki kwa sababu mkutano una watu, na mkutano una watu kwa sababu wale wanne wapo. Kila mwezi vivyo hivyo. Hakuna hata senti iliyowahi kutoka kwenye laini ile kwenda dukani, wala kwa mwenye nyumba, wala mfukoni mwa mtu. Yote ilitoka kwetu ikarudi kwetu, na njiani ikawa imefungua midomo ya watu. Nilijiona kama niliyefunua mfuniko wa saa nikakuta ndani yake kuna kitu kinachopumua.

Nilimwomba fundi cherehani aniruhusu nisikilize mkutano. Aliniambia atawaarifu kuwa kuna mgeni. Kesho yake saa nne nikavaa vifaa vya masikioni, nikazima kinasa sauti changu, nikakaa mezani kwangu katikati ya kelele za ofisi. Walianza kuingia mmoja mmoja. Sauti nzito, sauti za kukwaruza, sauti zinazosimama katikati ya neno kama mtu anayetafuta funguo. Na baina ya sauti, kimya. Lakini si kimya cha aibu. Walikuwa wanangojana.

Kisha ikaja sauti ya mwanamume. Ilisema, “Ka… ribu… mgeni. Hapa… hatu… mharakishi… mtu.”

Kaka, sauti ile ikiunganisha maneno nilikuwa nimeisikia mara ya mwisho nikiwa bado nasuka nywele za shule. Sikuitambua mara moja. Nilivibana vifaa vya masikioni kwa viganja vyote viwili. Akaendelea. Kulikuwa na mtu mpya aliyekuwa akijaribu kusema jina la binti yake na kushindwa, akaanza kulia. Ile sauti ikamwambia, kwa muda mrefu, bila mtu kuingilia, kwamba gari likiwa limesimama kwenye mlima halipandi kwa fujo. Achia breki polepole. Klachi polepole. Gia moja. Injini ikizima, haijafa, unawasha tena. Aliyasema hayo maneno mwenyewe, yote, na kila neno lilikuwa na mwisho.

Unakumbuka maneno hayo. Wewe ulifundishwa nayo kuendesha gari, na mimi, na nusu ya mtaa, miaka yote aliyokaa kiti cha abiria na breki yake ya ziada, akiwafundisha udereva watu waliokuwa wakitetemeka. Nilikuwa namsikiliza baba yetu. Baba mwenye maneno matatu.

Hapo ndipo mambo yaliponirudia. Nilipoajiriwa nilipewa akaunti ya bure kwa ajili ya familia, nikaiweka kwenye tableti yake. Aliitazama wiki chache, halafu ikawa nikiingia chumbani anaifunika kwa mto. Nilidhani amekata tamaa na anaona haya, nikamwacha. Saa nne asubuhi mimi niko kazini na Mama yuko dukani kwake. Nyumba ilikuwa yake. Kwa mkono wa kushoto, herufi kwa herufi, alikuwa ameandika ule ukurasa nilioupa heshima bila kumjua mwenyewe.

Sikungoja mkutano uishe. Nilikwenda ofisini kwa Mama Asilimia, nikamwambia Gia Moja ni baba yangu mzazi, sikuwa na habari, na kwa hiyo jambo hili siwezi kulishika tena. Nilidhani atanisimamisha kazi. Aliuliza tu kama kweli sikuwa na habari, nikasema sikuwa nayo, na nadhani uso wangu ulimtosha. Alisema ataendelea yeye mwenyewe, na akaniomba nisimwambie Baba neno mpaka wakurugenzi waamue.

Kesho yake alisikiliza mkutano, mlango ameufunga. Alipotoka, wanja wa macho ulikuwa umemchafuka. Aliniita akanionyesha hesabu, ile ile niliyoifanya mimi, ila yeye aliitazama kutoka upande wa kampuni. Kila kamisheni tuliyomlipa ilirudi kwetu kama ada. Tukitoa zilizotoka na kuweka zilizorudi, tulikuwa tumebaki na ada za wale wanaojilipia, kamili, kama vile hatukuwahi kuwa na wakala. Na kuwaonyesha video watu wanne zaidi hakutugharimu kitu, kwa sababu video ni ile ile. “Tumekuwa tukimchunguza kwa wizi mtu pekee ambaye hajawahi kutugharimu,” alisema. Kisha akafunga kompyuta, na mimi nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mama yule: alikuwa amekosa asilimia ya kutaja.

Lakini kanuni ni kanuni, na alikuwa ameivunja. Hilo hata mimi sikuweza kulikanusha. Wakurugenzi walikaa wiki mbili bila kuamua. Hizo wiki, Kaka, sizitamani tena. Wale waliokuwa wakilipiwa walifungiwa masomo. Jioni nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta Baba ameacha chakula nusu, tableti iko wazi magotini wala haifichi tena, na mimi ninayejua kwa nini, nimekaa mkabala naye namuuliza kama anataka chai.

Mwishowe Mama Asilimia aliwaambia wakurugenzi kwamba madonge tuliyomlipa Pesa Chapu kwa mwezi mmoja yangetosha kuwabeba watu wote wa Gia Moja mwaka mzima, na kwamba watu wa Pesa Chapu hawapo, hawa wapo. Hilo likawaingia. Waliamua akaunti ya Baba ya uwakala ifungwe, kwa kuwa kanuni imevunjwa. Lakini wakaanzisha njia ya tatu, kwa yeyote anayeitaka, Baba akiwemo: wakala asiyetaka donge wala gawio, kwa kila watu wake kumi wanaojilipia na kubaki, kampuni itawafungulia wanne bure. Hakuna pesa itakayopita kwenye simu ya mtu. Mmoja wa wakurugenzi alitaka wawe watatu, kamisheni ya kawaida. Mama Asilimia alikataa. Alisema yule wa nne ameshaanza kuzungumza.

Sitakuficha kwamba si wote waliorudi. Kulikuwa na seremala mmoja, mzee, ambaye masomo yalipofungwa alizima simu, na mpaka leo haijawashwa. Baba humpigia kila asubuhi kabla ya saa nne.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Mama Asilimia hakutaka Baba apelekewe uamuzi kwa ujumbe wa simu. Alikuja nyumbani mwenyewe, Jumamosi, na viatu vyake vya kazini. Mama akampokea, akamketisha kwenye kochi lile la kijani, akatoa vikombe vya wageni. Mgeni akamgeukia Baba, akamweleza yote: kosa, kufungwa kwa akaunti, na njia ya tatu. Kisha akamuuliza kama anaikubali. Mama yetu, unamjua, akajibu palepale. Alisema, “Anashukuru sana, anasema…”

Baba akainua mkono wake wa kushoto. Akasema, “Ngoja.”

Mama alibaki na buli hewani. Baba akavuta pumzi, nikaona midomo yake ikijipanga kama inavyofundishwa kwenye zile video. Akasema anaikubali njia ya tatu. Akasema kosa ni lake, alisoma kanuni na aliielewa. Akamwomba mgeni wamtafute seremala. Ilichukua muda hata chai ikapoa. Mama Asilimia hakusogea, hakutikisa kichwa, hakumsaidia hata silabi moja. Alikuwa amejifunza kule kwenye mkutano. Mama polepole akaliweka buli chini, akakaa, na machozi yakawa yanamtoka bila sauti, macho yamemganda mdomoni mwa mumewe kama mtu anayetazama jua likichomoza kutoka mahali lisipochomozea.

Mgeni alipoondoka nilikaa karibu na Baba nikamuuliza kile ambacho kilikuwa kinanichoma. Miaka hii yote alikuwa anajifunza, sauti imerudi, anazungumza na watu asiowajua. Kwa nini si sisi? Kwa nini ametuacha tukidhani hana zaidi ya chai?

Nilingoja. Kaka, nilingoja kuliko nilivyowahi kungoja kitu.

Alisema, “Kule… wana… nisubiri. Nyinyi… mna… nimalizia.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mwanafunzi kuwa amesahau kutazama kioo cha pembeni. Akaongeza kwamba alijaribu, mwanzoni. Kila alipofungua mdomo, sisi tulikuwa tumeshafika mwisho wa sentensi yake, mara nyingi siyo mwisho aliokuwa akiuendea yeye, na kila mtu akafurahi kwamba ameelewa. Basi akatuachia yale maneno matatu, kwa kuwa hayo hatukuwahi kuyakosea. Kumbe tulikuwa tunampenda kwa haraka mno.

Mama aliingia jikoni akaosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa. Akarudi akakaa kitini, akafunga mdomo. Tangu siku hiyo nyumba yetu imekuwa na vimya virefu, na sijawahi kusikia nyumba inayozungumza kama hii. Juzi Baba alimsimulia Mama habari ya mwanafunzi wake aliyegonga kibanda cha tiketi siku ya mtihani, habari ya zamani ambayo Mama ameisikia mara nyingi. Ilichukua sehemu kubwa ya alasiri. Mama alicheka palepale panapochekwa, na si kabla.

Ana neno lake kwako pia. Ameanza kunieleza, nami nikaona sentensi inakoelekea, ulimi ukanikereketa nimsogezee neno lililobaki. Nikauuma. Alinipa nusu akasema iliyobaki ni ya kwako. Nusu hiyo ninayo, na nusu ya pili naikisia, na nadhani nawe ungeikisia. Sitaiandika hapa.

Mpigie mwenyewe, Kaka, saa nne za asubuhi za Jumamosi, wakati hakuna mkutano. Usimpe Mama aanze. Baba atasema “mwanangu,” halafu utasikia kimya. Usidhani mtandao umekatika, usiseme “halo, halo,” wala usimwambie umeshaelewa. Yupo njiani anakuja.

Msalimie sana wifi yangu, na mtoto umbusu mbali na meno. Mama anakusalimu na anasema, safari hii kwa ufupi, tunakungoja.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Kitindamimba